Kuipima pulsa ya Vela kutoka Kisumu: dishi la mita tatu, saa ya kuaminika na hesabu isiyopotea

Pulsa ni nyota ya nyutroni inayozunguka huku ikitupa mwali wa redio kama taa ya mnara wa bandarini. Kila mwali unapoipita Dunia, kipokezi hupata pigo moja. Ya kwanza ilionekana Cambridge mwaka 1967, pale Jocelyn Bell alipokazia macho alama ndogo kwenye karatasi za chati, alama iliyojirudia kila sekunde 1.337. Kwa anayeanza huku magharibi mwa Kenya, ya kuanzia ni ile ya Vela, PSR B0833-45. Huzunguka mara 11 na kitu kwa sekunde, na kwenye masafa ya MHz 400 hivi hakuna pulsa inayoifikia kwa nguvu: wastani wake ni Jansky 5 (Jansky ni kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio yatokayo angani). Usitarajie kuisikia kwa sikio. Kwa dishi la mita 3, nguvu yake ni kama sehemu moja kwa elfu ishirini na tano ya kelele ya kipokezi chenyewe, na kazi yote iliyobaki ni kuifukua humo.

Watu wa Ulaya ya kaskazini hawaioni Vela kwa sababu iko digrii 45 kusini mwa ikweta ya anga. Wao hutegemea pulsa nyingine ya anga ya kaskazini, B0329+54. Wa kusini mwa Australia nao hawaioni B0329+54. Sisi tulio juu ya ikweta tunaziona zote mbili, kila moja kwa saa kumi na mbili kila siku. Jambo hilo litakuwa na kazi kubwa mbele.

Wakati na mahali

Ikifika juu kabisa ya njia yake, Vela huwa kusini barabara, digrii 45 kutoka upeo wa macho. Mwishoni mwa Januari hufika hapo kama saa saba kasoro dakika kumi usiku. Kila siku huwahi kwa dakika nne, yaani saa mbili kwa mwezi; mwishoni mwa Aprili hupita saa moja kasoro jioni, na mwishoni mwa Julai ni mchana. Redio haijali mwanga wa jua wala mawingu, lakini Desemba hadi Februari ndio msimu wenyewe: mvua ni chache, Vela inapita usiku, na boda boda zimelala. Hilo la boda boda si utani. Cheche ya plagi ya injini ya petroli hutoa kelele iliyotapakaa hadi masafa ya UHF, na barabara yenye pikipiki nyingi huizima pulsa kabisa.

Tafuta shamba lililo wazi, mbali na minara ya simu na redio: tambarare za Kano kuelekea Ahero, au upande wa Nyakach. Vilima si tatizo. Hakuna ukingo wa Nandi unaofika digrii 45. Aliye Nakuru asihofu Menengai, kwa kuwa B0329+54 hupanda hadi digrii 35 upande wa kaskazini. Cha kuogopa huko ni uzio wa umeme, ule wa kuzunguka hifadhi ya ziwa na wa mashamba makubwa, maana mashine yake hupiga mshtuko mara moja kwa sekunde hivi na kila mshtuko ni kishindo kwenye data.

Usichimbe shimo la nguzo kabla ya kupima kelele. Chukua kipokezi cha SDR cha USB (redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta), aina ya RTL-SDR, antena yoyote ya TV ya nje, na laptopu, kisha uiachie siku nzima:

rtl_power -f 400M:440M:25k -g 30 -i 10 -e 24h chati.csv

Kwenye chati tafuta upana wa MHz 2 ambao umekuwa shwari saa zote ishirini na nne. Epuka jirani ya 433.92, makazi ya rimoti za geti na za magari. Kuanzia 470 kwenda juu ni TV ya dijitali. Katika mwongozo huu tunatumia 424 kama mfano. Chako kitakuwa kile chati inachokuonyesha, hata kikiwa 409 au 437.

Dishi juu ya bomba lililolala

Dishi la zamani la TV ya setilaiti la C-band, la wavu, lenye kipenyo cha mita 3, linatosha. Bado yapo nyuma ya mahoteli na shule, yakianikiwa nguo. La wavu ni bora kuliko la bati zima: upepo wa ziwa hulipita na mvua haijai ndani.

Hapa ndipo ikweta inapokupa zawadi. Ili kuifuata nyota, mhimili wa darubini lazima uwe sambamba na mhimili wa Dunia. London mhimili huo huinuliwa digrii 51. Kisumu, iliyo digrii 0.1 kusini, mhimili ni bomba la maji lililolala sawasawa na ardhi, kaskazini kwenda kusini. Chukua bomba la chuma la inchi 2, urefu wa mita 2 hivi, liweke juu ya nguzo mbili imara zenye mikono ya kuzungukia, na ulinyooshe kwa pima maji. Kwa mwelekeo tumia dira ukiwa umesimama hatua kumi kutoka kwenye chuma. Kosa la dira huku halifiki digrii mbili, na jicho la antena hii lina upana wa digrii 17. Fundi wa jua kali akishaona mchoro, ni kazi ya kuchomelea ya siku moja.

Funga dishi kwenye bomba ili shabaha yake ifanye pembe ya digrii 45 na ncha ya kusini ya bomba. Baada ya hapo hutagusa pembe hiyo tena. Unalizungusha bomba tu, digrii 15 kwa saa, kutoka kusini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Kamba, kipande cha plywood kilichochorwa digrii, na mkono wako kila dakika ishirini, digrii 5 kila mara, vinatosha. Mota si lazima. Kwa B0329+54, pembe ni digrii 35 na ncha ya kaskazini.

Weka pia njia ya kulifunga dishi kwa kamba nne likitazama juu. Dhoruba za jioni huku hazibishi hodi. Radi ikisikika, hata kwa mbali, chomoa kebo kwenye laptopu na uiache nje; fimbo ya shaba ya mita 1.2 ardhini iunganishwe na nguzo daima. Hiyo hupunguza madhara tu, haikuruhusu kuendelea kurekodi.

Kitovuni

Pima kina cha dishi: nyoosha uzi kutoka ukingo hadi ukingo, na upime kutoka uzi hadi chini katikati. Umbali wa kitovu, pale mawimbi yanapokusanyika, ni kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa kina mara 16. Dishi la sm 300 lenye kina cha sm 47 lina kitovu sm 120 kutoka chini. Kosa la sm 3 kwenye masafa haya halidhuru.

Kwenye MHz 424 wimbi lina urefu wa sm 71. Dipoli ya nusu wimbi, yaani antena yenyewe ya fimbo mbili zilizonyooka, ni sm 33.5 kutoka ncha hadi ncha, na nyuma yake, sm 16, bati la alumini la sm 50 kwa 50. Dipoli hutazama dishi, bati liko upande wa angani. Weka dipoli na bati lake kwenye bomba fupi linaloweza kugeuzwa, kwa sababu mawimbi ya Vela yamelala karibu yote katika mwelekeo mmoja, na angahewa ya ioni iliyo juu yetu huugeuza mwelekeo huo kati ya mchana na usiku. Dipoli ikiwa imekaa kinyume, unaweza kukosa karibu kila kitu huku vifaa vikiwa vizima. Wengi hufungua waya zote wakitafuta hitilafu, kumbe dawa ilikuwa kugeuza dipoli digrii 90.

Kikuza mawimbi cha kwanza kikae hapo hapo kitovuni, kebo ya kukifikia isizidi sm 10. Kiwe cha kelele ndogo, dB 0.5 au chini (dB, desibeli, ni kipimo cha uwiano wa nguvu). Kelele hupimwa pia kama joto: dB 0.5 ni kama kelvini 35. Kila dB 1 inayopotea kabla ya kikuza, iwe kwa kebo, kiunganishi chenye kutu au kichujio, huongeza kelvini 75, na mfumo wote unalenga kelvini 150 hivi. Ndiyo maana kichujio cha kuzuia TV, FM na simu huwekwa baada ya kikuza cha kwanza, isipokuwa mnara uko karibu kiasi cha kukilemea. Baada ya kichujio, kikuza cha pili cha dB 20, halafu kebo ya kawaida ya dishi, RG-6, mita 20. Itapoteza dB 3 hivi, lakini ikiwa nyuma ya vikuza hilo halina uzito.

Umeme utoke kwenye betri ya volti 12 kupitia rekyuleta ya laini. Inveta, chaja za simu, taa za LED za bei nafuu na vidhibiti vya sola vinavyokata umeme mara elfu kwa sekunde, vyote vizimwe au vihamishwe mita 50. Laptopu yenyewe ni mkosaji. Iache mwisho wa kebo, si chini ya dishi.

Sasa jaribu. Elekeza dishi ardhini au kwenye ukuta wa miti minene, soma nguvu, kisha uelekeze anga tupu. Ardhi ina kelvini 300 hivi, kwa hiyo tofauti iwe dB 3 au zaidi. Ikiwa chini ya dB 2, kikuza kimekufa, kinalemewa, au kinalia chenyewe. Halafu elekeza Jua: nguvu ipande dB 4 hadi 6 juu ya anga tupu. Ukisogeza bomba polepole na kilele kikapatikana pale kivuli cha bati kinapoangukia katikati ya dishi, shabaha yako ni sawa.

Kurekodi

rtl_sdr -f 424000000 -s 2000000 -g 30 vela.bin

Hiyo ni sampuli milioni 2 kwa sekunde, baiti mbili kila moja: MB 4 kwa sekunde, karibu GB 29 kwa saa mbili. Diski ya USB inayochoka katikati hudondosha sampuli kimya kimya, na sampuli zilizodondoka ni muda uliopotea. Rekodi kwenye SSD, na mwishoni linganisha ukubwa wa faili na muda. Rekebisha nambari ya -g, yaani kiwango cha ukuzaji, hadi mtawanyo wa sampuli uwe kama hatua 15 hadi 20 kati ya 127. Chini ya 5 unapoteza nguvu, juu ya 40 kishindo cha kwanza kinagonga dari.

Kwa nini saa mbili? Dishi hili, Vela ya Jansky 5, kelvini 150, upana wa MHz 2 na pigo la milisekunde 2.5, hesabu inatoa pigo lililo mara 30 juu ya kelele. Shambani tarajia nusu yake. Dakika ishirini zingetoa 6 pekee, na 6 ni kiwango ambacho kelele za mjini huiga kirahisi.

Kukunja

Gesi yenye elektroni kati yetu na Vela huchelewesha masafa ya chini kuliko ya juu. Kipimo cha mtawanyiko wake, DM, ni karibu 68. Kwenye MHz 424, ndani ya MHz 2 tu, ukingo wa chini unafika milisekunde 15 baada ya wa juu, na pigo lote lina milisekunde 2 au 3. Ukijumlisha bendi nzima bila kusahihisha, pigo linayeyuka. Gawanya bendi kwa FFT, hesabu inayotenganisha masafa, katika chaneli 32 za kHz 62.5; ndani ya chaneli moja ucheleweshaji ni chini ya nusu milisekunde, na kila chaneli husogezwa kufidia uchelewe wake kabla ya kujumlishwa. Pata nguvu kwa kila chaneli, wastani wa FFT 16, na unabaki na kipimo kimoja kila mikrosekunde 256. Script fupi ya Python na numpy inafanya hivyo, au andika faili ya filterbank (nguvu ya kila chaneli kwa kila wakati) itakayosomwa na PRESTO, programu ya kutafuta na kukunja pulsa.

Kabla ya kukunja, futa uchafu. Chaneli yenye mawimbi ya kudumu itupwe. Kipimo chochote kilichozidi wastani kwa mara nne ya mtawanyo wake kibadilishwe kuwa wastani. Hapo ndipo cheche za pikipiki na uzio wa umeme zinapokwenda. Kisha toa kwa kila chaneli wastani wa sekunde moja, ili kupanda na kushuka kwa joto la kikuza kusigeuke kuwa mawimbi bandia.

Kukunja ni kulikata rekodi katika vipande vyenye urefu wa kipindi kimoja na kuvirundika. Chukua kipindi kwenye orodha ya pulsa ya ATNF ya Australia, lakini usikitumie kama kilivyo. Orodha inatoa sekunde 0.08933, na hicho ni kipindi cha Januari 2000. Tangu hapo Vela imepungua kasi, kipindi kikiongezeka karibu mikrosekunde 4 kila mwaka. Baada ya miaka 25 tofauti ni sehemu moja kwa elfu, na ukikunja saa mbili kwa kosa hilo hupati hata kivuli. Ongeza pia mwendo wa Dunia kulizunguka Jua: kwa Vela, unafika kilomita 15 kwa sekunde kuelekea au kuikimbia, na kipindi unachokiona Kisumu hupanda na kushuka mikrosekunde 4.5 kwa mwaka. Programu za PINT au tempo2 zitakupa kipindi cha saa hiyo na mahali hapo. Hata hivyo, Vela huruka mara kwa mara, yaani huongeza kasi ghafla, kwa hiyo tafuta kati ya sehemu 50 kwa milioni chini na 50 juu, kwa hatua za 0.35. Kwa prepfold ya PRESTO, chaguo la -topo ndilo linaloiambia isisahihishe mwendo wa Dunia.

Je, ni yenyewe?

Mlima mzuri kwenye grafu haujathibitisha kitu. Badilisha DM: pulsa halisi ina kilele karibu na 68 na inafifia kwenye 0, wakati kelele ya duniani hung'aa kwenye 0. Gawanya bendi nusu mbili. Pigo lionekane kwenye zote mbili, likichelewa ile ya chini kwa milisekunde 7 hivi. Gawanya muda pia, lionekane mwanzo na mwisho. Geuza dishi kaskazini, rekodi tena saa mbili, likunje kwa kipindi kile kile: kusiwe na kitu. Na kama umeacha dishi bila kulizungusha, kilele cha kesho kiwahi kwa dakika nne. Hakuna mashine ya kusaga wala jenereta inayofuata ratiba ya nyota.

Kugundua pulsa mpya ni shughuli nyingine. Dishi la mita 3 halitagundua. Zilizo na nguvu kiasi hicho zimeshajulikana zote. Lakini njia ni hii hii, ila hujui kipindi wala DM, kwa hiyo unajaribu vyote. Data za darubini ya Parkes ya Australia huwekwa wazi na CSIRO, shirika la sayansi la huko, baada ya muda wa watafiti wake kwisha, na laptopu yenye RAM ya GB 16 inatosha kuchambua rekodi chache kwa amri za PRESTO: rfifind kusafisha, prepsubband kutengeneza safu za DM mamia kwa mamia, realfft, kisha accelsearch ikiwa na -zmax 0 kwanza, na 200 kwa pulsa zinazozungukana na nyota nyingine, ambazo kipindi chake kinabadilika ndani ya rekodi yenyewe. ACCEL_sift.py inachuja, prepfold inakunja kila kitakachobaki. Sehemu kubwa ya kitakachobaki ni umeme wa Hz 50 na vizidisho vyake. Tengeneza orodha yake usiku wa kwanza, itakuokoa wiki. Katika Kaunti ya Nakuru, kituo cha setilaiti cha Longonot kimo katika mpango wa kugeuzwa darubini ya redio, kama ule wa Kuntunse nchini Ghana, dishi la mita 32. Anayefahamu amri hizi leo hatakuwa mgeni siku hiyo.

Saa

Hapa ndipo wengi wanapoishia, kwa sababu picha ya pigo inaridhisha na saa haina picha. Lakini kuona pigo na kulipima ni mambo mawili.

Kioo cha kipokezi cha bei nafuu, yaani kipande cha kwatzi kinachoendesha saa yake ya ndani, hukosea sehemu 30 kwa milioni bila aibu. Ndani ya saa mbili hiyo ni milisekunde 216; Vela imeshazunguka mara mbili na zaidi. Ulipotafuta kipindi huku na huku, kosa hilo lilijificha: pigo lilipatikana, lakini kipindi ulichoandika ni cha kioo chako, si cha nyota. Kioo kinachosahihisha joto, TCXO cha sehemu 1 kwa milioni, bado kinakosea milisekunde 7. Tena usiku wa Kisumu ukipoa kutoka digrii 27 hadi 18, kosa lenyewe linatembea.

Pili, muda wa kuanza. Laptopu ikisema rekodi imeanza saa fulani, ukweli ni kwamba data hupita kwenye USB kwa mafungu ya baiti 262,144, na kwa kasi yetu fungu moja ni milisekunde 65. Hata saa ya laptopu ikiwa imesahihishwa kwa intaneti ya simu, ambayo yenyewe huyumba kwa milisekunde kumi au zaidi, hujui sampuli ya kwanza ilifika lini.

Dawa ya yote mawili ni moja: andika alama za saa ndani ya mawimbi yenyewe. Moduli ya GPS kama NEO-6M hutoa pigo la umeme kila sekunde, PPS, lenye usahihi mzuri kuliko mikrosekunde moja, na upana wa milisekunde 100 isipobadilishwa. Kwenye baadhi ya bodi pini hiyo haikutolewa nje. Ichomelee kutoka kwenye mguu wa taa inayomweka. Pigo hilo liwashe chanzo kidogo cha kelele cha diodi ya zena, ndani ya kopo la bati lililofungwa, na waya wa sm 5 utoke kuelekea dipoli, ukiwa mbali vya kutosha ili nguvu ipande dB 3 tu. Liache lifanye kazi dakika ya kwanza na dakika ya mwisho ya rekodi, likizimwa katikati.

Baadaye, kwenye faili, tafuta ukingo wa kupanda wa kila alama. Sampuli zilizo kati ya alama ya kwanza na ya mwisho, gawanya kwa idadi ya sekunde: hiyo ndiyo kasi halisi ya sampuli usiku huo. Alama ya kwanza inakupa muda wa kuanza. Sekunde ipi, unaijua kutoka saa ya laptopu, ambayo sasa inatakiwa kuwa sahihi kwa nusu sekunde tu. Idadi ikitoka na upungufu wa ghafla unaogawanyika na 131,072, fungu la USB lilidondoka. Tupa rekodi hiyo bila huruma.

Andika saa zote kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa saba usiku ya Jumanne kwetu ni 22:00 ya Jumatatu kwa UTC, na kosa la tarehe au la saa tatu hizo ndilo la kwanza kuangalia matokeo yakigoma: ndani ya saa tatu Dunia inaweza kusogea kuelekea Vela umbali ambao mwanga huupita kwa nusu sekunde.

Kuhesabu bila kupoteza

Linganisha pigo lililokunjwa na kiolezo laini cha pigo lako bora, na upate muda wa kufika. Usahihi ni upana wa pigo ukigawanywa kwa nguvu yake juu ya kelele: milisekunde 2.5 kwa 15, karibu 0.17. Muda huo lazima uhamishwe hadi kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua, maana kwa mwaka Dunia huutanguliza au kuuchelewesha hadi sekunde 250 hivi, na kuzunguka kwa Dunia yenyewe huongeza milisekunde 15 kati ya kuchomoza kwa Vela na kupita kwake kusini. PINT au tempo2 hufanya haya yote ukishaipa mahali ulipo. Kwa Kisumu mjini, X ni kama km 5,241, Y km 3,637, Z km −10. Kosa la kilomita moja ni mikrosekunde 3, kwa hiyo GPS ya simu inatosha kabisa.

Sasa ratiba. Vela huzunguka karibu mara 966,000 kwa siku, na lazima ujue ni mara ngapi hasa, bila kukosea hata moja. Rekodi ya saa mbili inakupa kipindi kwa usahihi wa nanosekunde 7 hivi; ukizidisha kwa mizunguko ya siku moja, shaka ni milisekunde 7 hivi, ndogo mbele ya kipindi cha 89. Kwa hiyo pima leo na kesho, kisha siku ya tatu, ya saba, ya kumi na tano, halafu kila wiki. Anayepima leo na kurudi baada ya miezi miwili amepoteza hesabu na anaanza upya.

Mwanzoni ruhusu programu irekebishe F0 pekee, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde. Mabaki, yaani tofauti kati ya muda uliotarajiwa na uliopimwa, yatajikunja kama upinde: milisekunde 5 baada ya siku moja, 47 baada ya tatu, zaidi ya nusu sekunde baada ya kumi. Huko ni kupungua kwa kasi ya nyota, kipindi kikiongezeka nanosekunde 10.8 kila siku. Baada ya wiki fungua F1, yaani mwendo wa kubadilika kwa F0, na upinde unyooke. Ukifungua F1 siku ya pili, itameza makosa ya saa na kukupa mstari mzuri wa uongo.

Vela ina tabia ya kuruka. Tangu 1969, ilipoonekana mara ya kwanza ikifanya hivyo, huongeza kasi ghafla kila miaka miwili au mitatu hivi, mara nyingi kwa kiasi cha sehemu moja kwa milioni. Desemba 12, 2016 dishi la mita 26 la Mount Pleasant, Tasmania, lilikuwa likiitazama pigo kwa pigo iliporuka. Kwako itaonekana hivi: mabaki yaliyokuwa bapa yanaanza kuwahi, milisekunde 3.6 kila saa, karibu mzunguko mzima kwa siku. Inatosha kuigundua usiku huo huo.

Ila saa mbovu nayo huonekana hivyo hivyo, au karibu. GPS iliyopoteza setilaiti chini ya wingu la dhoruba hapana, hilo ni nadra. Iliyozibwa na paa la mabati, ndiyo. Kabla ya kumwambia mtu yeyote, lipindue dishi upande wa kaskazini, pembe digrii 35, na upime B0329+54 iliyo kwenye ratiba yako tangu mwanzo. Mwishoni mwa Januari hupita saa tano kabla ya Vela na haijazama hadi karibu saa nane usiku, kwa hiyo muda upo. Hii ina kipindi cha sekunde 0.7145, DM 26.8, na haina tabia ya kuruka. Ikiwa nayo imewahi kwa kiasi kile kile, saa yako ndiyo iliyoruka.